Bibi Sifuri

Jumanne, 10 Oktoba 2023

Oda imefika saa kumi jioni. Niliagiza tangu jana! Aiskrimu imekuwa supu.

Na dereva kaacha mifuko kule chini kwenye sanduku la barua, si mlangoni. Nimegonga kioo, nimepunga mkono, nimepiga kelele — wapi! Kapiga picha ya mifuko, kaingia garini, kaenda zake. Nami niko ukumbini, noti nimeikunja kiganjani, namfukuzia na fremu yangu ya kutembelea. Fremu haikimbii. Tangu wanibadilishe nyonga kiangazi hiki naenda mwendo wa kobe.

Ikabidi nishuke ngazi za barazani nikaifuate mifuko, mmoja mmoja. Ngazi ambazo nilimwapia mwanangu Curtis sitazishuka peke yangu. Simwambii.

Huu uanachama kanipa yeye, zawadi ya siku yangu ya kuzaliwa. Unalipa ada ya mwaka, duka linakuletea vitu nyumbani bure. "Ukitulia ndani, Mama, hutaanguka." Akaunti iko kwa jina lake, yeye yuko Phoenix, kule jangwani. Kadi ni yangu. Kwenye simu wanauliza utampa dereva bakshishi kiasi gani. Naweka sifuri. Kila mara. Si uchoyo! Nimehudumu mezani kwenye mgahawa wa Gus tangu Curtis hajazaliwa mpaka magoti yakagoma, na najua bakshishi ikipita kwenye mashine ya kadi inaishia wapi. Gus alikuwa anainyofoa kabla haijatufikia. Bakshishi hutolewa mkononi, macho kwa macho. Ndiyo adabu. Shida ni kuwapata hao wa kuwapa.

Ijumaa, 13 Oktoba

Trudy wa ng'ambo ya barabara kaja na samaki wake wa Ijumaa, kama kawaida, na umbea wake, kama kawaida. Nikamlalamikia madereva. Akasema hata vyake vinachelewa, naye ni mwanachama wa duka hilo hilo.

"Ndivyo walivyo, shoga. Na mimi siwapi hata senti."

Hata senti! Nikamuuliza kama haoni aibu.

"Aibu ya nini? Ada nimelipa. Tangazo linasema bure. Bure ni bure, Verna. Mimi nikitoa na wewe ukitoa, duka litawalipa lini vizuri? Huruma zako ndizo zinamnenepesha tajiri."

Nikamwambia nimemlea mtoto kwa bakshishi. Mshahara wa Gus ulitosha kununua soksi.

"Wewe uliwamiminia watu kahawa ukawauliza hali za mama zao. Hawa hata sura siwaoni. Nimpe nani, mfuko?"

Kaondoka kaniacha na hilo. Sisi tulilipwa kwa kazi au kwa tabasamu? Kuna siku miguu iliwaka moto na bado nilitabasamu, kwa sababu ya kodi ya nyumba. Dereva anayetupa mfuko na kuondoka angalau hadanganyi mtu. Lakini kuhusu duka, Trudy hajakosea kabisa. Hilo ndilo linaloniudhi.

Jumanne, 17 Oktoba

Nimebuni mbinu. Bahasha, noti ndani, nimeandika DEREVA kwa herufi kubwa, nimeibandika mlangoni.

Mvua kutoka ziwani mchana kutwa. Mifuko imeachwa ngazi ya chini kabisa. Bahasha ipo pale pale, imelowa chapachapa. Nimeikausha noti kwa pasi.

Alhamisi, 19 Oktoba

Leo hakuja mtu kabisa. Oda imefutwa — hakuna dereva aliyeikubali. Nimekula biskuti za chumvi na jamu.

Curtis kapiga. Meseji zote za duka zinaingia kwake.

"Mama, friji ina nini?"

Nikamtajia vitu vilivyokuwemo wiki iliyopita. Ananijua. Halafu ikaja ile sauti yake ya upole, ile ninayoiogopa. Kuna makao ya wazee, mahali pazuri, dakika chache tu kutoka kwake. Wana bwawa la kuogelea. Bwawa! Mimi na nyonga ya chuma! Akasema hataki kunilazimisha, ila kama hata chakula hakinifikii na majira ya baridi hayajaanza, nifikirie. Akija Sikukuu ya Shukrani, mwishoni mwa Novemba, tutaongea ana kwa ana.

Nyumba hii niliinunua mimi. Si baba yake. Baba yake aliondoka na gari. Kila kitu humu kimetoka kwenye miguu hii — zulia, boila, paa. Sasa nikakae chumba kimoja jangwani, dirisha linatazama changarawe, mtu wa makamo ya mwanangu ananiuliza kwa sauti kubwa kama nimekunywa maji.

Naogopa. Basi, nimeliandika.

Jumamosi, 21 Oktoba

Nimemkamata mmoja!

Nilitoa kiti barazani mapema, nikajifunga blanketi, nikakaa. Gari dogo la bluu likasimama. Kashuka mwanamke wa miaka hamsini hivi, mpana, kofia ya sufi, mifuko mikono yote miwili. Akanitazama.

"Bibi, unangoja basi?"

"Nakungoja wewe."

Nikampa noti. Akaiangalia kama hati ya kuitwa mahakamani. Akaangalia namba ya nyumba. Akaniangalia mimi. Kisha akaangua kicheko mpaka akashika nguzo.

"Subiri. Hapa ndipo kwa Bibi Sifuri?"

Kwa nani?

"Ndilo jina lako kwetu madereva. Usikasirike. Oda ikitokea kwenye simu, kabla hatujaikubali tunaona umbali, mizigo na bakshishi. Yako sifuri. Kila siku sifuri! Na ngazi, na katoni ya maji. Nani aichukue? Inazunguka kwa huyu, kwa yule, mpaka inachoka. Leo wamenifunganishia na oda ya nyumba nyingine ndiyo maana umeniona. Ningepewa kuchagua nisingekuja, nakwambia kweli."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Mimi! Mimi niliyekuwa nikiwanong'oneza wenzangu kwa Gus, "Yule wa dirishani mchukue wewe, ni mkavu." Leo wa dirishani ni mimi.

Nikamweleza kuhusu Gus, na mashine, na kutoa mkononi. Akanisikiliza mpaka mwisho, mifuko bado ameishika.

"Mkono wako ni mzuri, bibi. Lakini sisi huko barabarani hatuuoni."

Anaitwa Darlene. Asubuhi na alasiri anaendesha basi la shule, katikati na Jumamosi anapeleka mizigo. Hana maneno ya asali hata kidogo. Kaniweka mifuko mlangoni, kakataa chai, kaondoka. Nimempenda.

Jumapili, 22 Oktoba

Nimeliwaza hili tangu kanisani (misa ya kwenye televisheni, mwili haukutoka kitandani).

Bakshishi kabla ya kazi! Sijapata kuona. Mteja hajaonja supu, anamtunza mpishi. Hiyo si bakshishi tena, ni mnada — anayetaja kikubwa ndiye anayekula. Na asiye nacho? Mzee anayeagiza dawa ya kikohozi na mkate tu? Anakaa anangoja kama nilivyongoja. Na duka limeandika "bure" kwa herufi za rangi, likatuacha sisi na madereva tuvutane mashati. Trudy atafurahi nikimwambia haya. Kwa hiyo simwambii.

Lakini Darlene anahitaji kula leo, si siku duka litakapoona haya. Nimeweka bakshishi kwenye simu, kabla, kama wanavyotaka. Ya maana, siyo ya kuondoa lawama. Nilibonyeza utadhani naiba.

Ijumaa, 27 Oktoba

Imekubaliwa kabla sijaweka simu mezani! Nikacheka peke yangu jikoni.

Kaja Darlene. Kaona fremu, kaona ukumbi ulivyo mrefu, kaguna, kaingia mwenyewe mpaka jikoni akaweka mifuko juu ya meza. Haruhusiwi kuvuka kizingiti.

"Wakijua nimeingia ndani wananifuta kazi."

"Basi funga mlango, wasione."

Nimempa vimkate vya soseji nilivyooka. Vya moto. Kala kimoja amesimama, vingine kafunga kwenye leso. Anasema basini kuna watoto wanaomwimbia siku ya kuzaliwa kila siku, kwa sababu aliwahi kuwakataza.

Jioni kapiga Curtis. Nikamsimulia mkasa wote wa Bibi Sifuri, na jinsi ilivyo — ukiweka kitu wanakuja, usipoweka hawaji. Nilisimulia vizuri, na sauti ya Darlene nikaigiza. Hakucheka. Akauliza tu naweka kiasi gani. Nikamwambia. Akasema, "Hmm."

Jumapili, 5 Novemba

Theluji ya kwanza, nyepesi. Wiki nzima oda zinakuja vizuri, karibu zote kwa Darlene. Ijumaa kashuka na kopo la chumvi yake mwenyewe ya kuyeyusha barafu, kanyunyiza ngazi zangu. Sikumwomba! Nikamwongezea noti mkononi, kazoea kunicheka kwa hilo.

Nimemwambia Curtis friji imejaa, aje aone. Nikamwambia huyo mwanamke ananitosha kwa majira yote ya baridi. "Vizuri, Mama," akasema. Hakufurahi nilivyotegemea. Labda simu ilikuwa mbaya.

Ijumaa, 10 Novemba

Sielewi.

Nimefungua mlango kwa furaha zangu, kahawa tayari. Darlene kaweka mifuko ngazi ya chini. Hakupanda. Katoa simu akapiga picha, kama wale wengine.

Nikamwita.

"Vitu vyako hivyo, bibi. Mara ya kwanza nikasema umekosea kubonyeza, mtu mzima. Mara ya pili nikajua. Una akili sana wewe. Na vimkate juu!"

Akili ipi? Nikamwuliza nimefanya nini. Akatikisa kichwa, akaingia garini. Nilibaki nimeshika nguzo mpaka vidole vikafa ganzi.

Nimerudia kila kitu nilichomwambia. Je, nilimtania vibaya? Je, vile vimkate vilimdhuru? Sijatukanwa namna hii tangu yule mwenye lori aliyenirushia mayai kwa Gus, na yeye alikuwa amelewa.

Jumapili, 12 Novemba

Nimejua. Sikutafuta, kanitajia mwenyewe, tena kwa kujisifu.

Nilimwambia Curtis kwamba Darlene kanikasirikia na sijui kwa nini. Akasema bila hata kushusha sauti ya televisheni yake, "Ah. Labda ameona nimepunguza."

Umepunguza nini?

Kumbe ukishaletewa una siku nzima ya kubadilisha bakshishi. Kuipandisha. Au kuishusha mpaka chini. Yeye yuko kwenye akaunti, anaona kila kitu. Mzigo ukifika kwangu, yeye kule Phoenix anaifuta. Kazini kwao wanafanya wengi, anasema. Unaweka kubwa wanakimbilia, wakishafika unairudisha. Ameanza tangu wiki ya kwanza ya mwezi.

Nikasimama na fremu yangu.

"Curtis, huo ni wizi."

"Mama, si wizi, mfumo unaruhusu. Nimelipa uanachama ili wewe usilipe. Hiyo pensheni yako naitunza, utaihitaji."

Niihitaji wapi? Tunajua wote wawili wapi.

"Nimekulea kwa pesa hizo," nikamwambia. "Kila kiatu ulichovaa kuna mtu aliniachia chini ya kikombe. Ungependa nitoke jikoni na sahani nimkute ameichukua tena?"

Akasema navuruga mambo, ile ni nyingine, hii ni nyingine, yule mama hanijui, anaendesha gari tu. Nikakata simu. Sijawahi kumkatia simu mwanangu.

Kinachonichoma si pesa. Ni kwamba aliongeza jina langu kwenye uongo. Darlene anadhani nilimpa kahawa kwa mkono mmoja nikamwibia kwa mwingine. Na vimkate juu!

Jumanne, 14 Novemba

Nimepiga huduma kwa wateja. Msichana mpole sana. Bakshishi ya zamani haiwezi kurudishwa, muda umepita. Namba ya dereva hawatoi. Jina la familia hawatoi. Ujumbe hawapeleki. Akaniuliza kama nimeridhika na huduma yake leo. Nikasema ndiyo, maskini, yeye kafanya kosa gani?

Oda ya leo nimeweka bakshishi ile ile. Imezunguka, imefutwa. Wameshaambiana. Nawaelewa, ningekuwa mimi ningewaambia wote, mpaka muuza magazeti.

Lakini najua jambo moja kuhusu Darlene ambalo duka haliwezi kunificha. Basi la shule husimama kona ya kanisani. Naziona taa zake kila asubuhi nikinywa dawa.

Jumatano, 15 Novemba

Nimekwenda.

Nimevaa buti, koti, nimeshika fremu, nimeshuka. Barafu ya usiku ilikuwa bado. Nilisogea nikishika uzio wa jirani. Nikawaza: ukianguka hapa, Verna, ndiyo safari ya jangwani hiyo, na hakuna atakayekulaumu ila wewe. Nikaendelea. Kuna wakati mtu hujikaza tu.

Basi likaja. Watoto wakapanda. Mlango wazi, yeye juu kwenye usukani, kofia ile ile ya sufi.

"Darlene! Ni mwanangu! Mimi sikujua!"

"Bibi, ondoka kwenye barafu."

"Nakuletea haki yako, hii hapa!"

"Siruhusiwi kupokea kitu nikiwa kazini na watoto. Rudi nyumbani kwa miguu yako, tafadhali." Alisema "tafadhali" kwa ukali. Mlango ukafungwa. Lakini hakuondoka. Alikaa pale na taa nyekundu za kuzuia magari zinawaka, magari yamejipanga nyuma yanapiga honi, mpaka nilipofika kwenye uzio na kuushika. Ndipo akaondoa basi.

Sijui nilichukulie vipi hilo. Najaribu kutolipenda mno.

Alhamisi, 16 Novemba

Trudy kaniona jana kutoka dirishani kwake. Kampigia Curtis! Anasema kafanya kwa upendo. Nimemwambia upendo wake aupeleke kwa paka wake. Curtis anakuja Jumapili badala ya Jumatano. Kabadilisha tiketi, kalipia tofauti.

Nitamwomba Trudy msamaha kesho. Leo hapana.

Jumanne, 21 Novemba

Curtis yuko hapa tangu juzi. Katengeneza bomba la jikoni. Kaweka taa ukumbini inayowaka mtu akipita. Anapika mayai asubuhi, anayaunguza pembeni kama ninavyopenda. Amenenepa, mvi zimeingia juu ya masikio. Nilipomwona pale mlangoni hasira ilinitoka yote, nikamkumbatia kama mjinga. Ni mtoto wangu wa pekee. Nifanyeje?

Karatasi za makao zimo kwenye begi lake. Hajazitoa. Mimi nimeziona alipotoa soksi, na yeye kaona nimeziona.

Tumeafikiana hivi mezani: oda ya sikukuu naagiza mimi, bakshishi naweka mimi, yeye hagusi. Ikifika salama, nakaa hapa msimu huu wa baridi, mazungumzo yamekwisha mpaka masika. Isipofika, nitakwenda kuyaona hayo makao, kuyaona tu. Alikubali haraka. Haraka mno? Naanza kuwa mtu wa kushuku, siupendi mwenendo huo.

Jumatano, 22 Novemba

Asubuhi. Nimeagiza: bata mzinga, viazi, maboga ya kopo, siagi, krimu. Oda imekaa. Imekaa. Curtis anasoma gazeti kwa utulivu wa padri. Simu yangu naitazama kama sufuria ya maziwa.

Imekubaliwa! Jina: Darlene.

Sijui kwa nini. Labda wamemfunganishia tena. Labda kaona namba ya nyumba akabonyeza kwa makusudi. Yuko dukani sasa hivi, anachukua mizigo.

Baadaye. Naandika hapa dirishani, nisipoandika nitapiga kelele.

Nilikuwa namenya viazi vya mwisho vilivyobaki, Curtis ananisaidia. Kitu kikanijia chenyewe, sikukitafuta. Nikaweka kisu chini.

"Curtis. Kisa cha Bibi Sifuri nilikusimulia Oktoba. Ulianza kupunguza Novemba."

Akaendelea kumenya.

"Ulikuwa unajua wasipopata kitu hawaji."

"Mama, nilikuwa nakutunzia pesa."

"Sijauliza habari za pesa."

Ganda la kiazi likawa refu, refu, halafu likakatika. Akasema bila kuinua macho:

"Mara ya kwanza ilikuwa pesa. Kweli, Mama. Kule kazini walinifundisha, nikaona ujanja."

"Na mara ya pili?"

Akachukua kiazi kingine.

"Simu ikilia usiku kule kwangu, kabla sijaishika, nimeshakuzika. Kila mara. Siwezi tena. Na nikikulazimisha kuondoka hapa hutanisamehe mpaka ufe. Nikaona... mambo yakikwama yenyewe, hutanichukia mimi. Utalichukia duka."

Alilia. Mtu mzima yule, na mvi zake, na kisu cha viazi mkononi. Nilitaka kumshika kichwa, nilitaka kumpiga kofi. Sikufanya lolote. Miaka yote nimeogopa aje awe kama baba yake, anayeondoka. Huyu haondoki. Huyu kanifungia mlango kwa nje kwa sababu ananipenda, na akamtumia Darlene kama komeo! Mwanamke ambaye hata hamjui.

Ningemsamehe kwa upande wangu. Nadhani nimeshamsamehe, Mungu anisaidie. Kwa upande wa Darlene sina ruhusa.

Hapo hapo gari likasimama. La bluu.

Nikamwambia, "Nenda ukamwambie. Kila kitu. Si ile ya pesa — hii."

Kaenda bila koti.

Nawaona. Kifuniko cha buti ya gari kiko wazi, mifuko imo, hakuna aliyeshusha hata mmoja. Theluji inaanguka kwa wingi sasa. Curtis anaongea, mikono inaongea zaidi yake. Darlene amekunja mikono kifuani, anatazama viatu vyake. Siwasikii. Anamwambia ipi? Anaweza kumwambia, "Mama yangu ni mgonjwa wa kusahau, msamehe." Anaweza. Ni maneno mepesi, na yangemaliza mambo mawili kwa mpigo: Darlene angenihurumia, na mimi ningekuwa mtu wa kupelekwa makaoni.

Darlene ameinua kichwa. Ananitazama hapa dirishani. Si kwa hasira. Ananitazama kama mtu anayepima.

Huruma! Ile ni huruma. Naijua, nimeibeba kwenye trei miaka yote.

Nimegonga kioo. Curtis amegeuka, ananipungia nikae ndani, nikae, barafu, ananionyesha ngazi. Darlene hapungi. Kasogea hatua moja kuelekea barazani, kasimama, anangoja kuona nitafanya nini.

Ngazi hazijanyunyizwa chumvi leo. Navaa koti.